Mikono Iliyotoka Kwenye Pasi

Santa Calixta, Negros
3 Juni 1992

Manang Florita,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na huyo unayemngoja. Huku tunaendelea. Mama anakohoa jioni, lakini si sana.

Kazi nimepata, na aliyenipatia ni Ninang wako Perpetua. Alikwenda kwa mkurugenzi wa hospitali akiwa bado na aproni yake ya wadi, akamwambia, "Kijana huyu ana cheti cha chuo, na dada yake nilimsimamia ubatizo mimi mwenyewe. Unangoja nini?" Mkurugenzi hakungoja. Sasa nina meza na taipureta mlangoni mwa wadi ya watoto wachanga, na kazi yangu ni kuandika kila mtoto anayeingia na kila anayeondoka.

Sijui kama naifaa kazi hii. Wauguzi wananiita Karani Sungura, kwa sababu mtoto akilia ghafla naruka kitini. Delfa, yule muuguzi kijana mwenye maneno mengi, jana aliniuliza, "Karani Sungura, ukipata wako utamlea ukiwa chumba cha pili?"

Ila kuna jambo. Tangu nianze, watoto wawili wamekufa. Wa kwanza alizaliwa mnene, mwenye sauti. Baada ya siku chache akaacha kunyonya, kitovu kikawa chekundu, akawa wa moto, halafu akawa baridi. Wa pili vivyo hivyo. Wauguzi wanasema watoto walianza kufa mwisho wa Aprili. Dokta Belleza anasema ni njaa: msimu mfu umeingia, miwa haikatwi, wakataji hawana kazi, na wake zao wanakunywa uji wa mchele na chumvi. "Mama mwenye njaa huzaa mtoto asiye na nguvu, Karani. Andika hivyo." Nikaandika hivyo.

Lakini yule wa kwanza alikuwa mnene, Manang. Nilimwona.

Au pengine ni nguo. Mashine ya mvuke iliyokuwa ikitakasa nguo za watoto iliharibika Aprili, na fundi hajaja. Ninang hakukubali nepi ziletwe zimefuliwa tu. Ameleta pasi zake za mkaa kutoka nyumbani, na kila asubuhi yeye na wauguzi wake, ambao nao humwita Manang kama dada yao mkubwa, wanapiga pasi kila nepi na kila shuka mpaka zifuke moshi. "Mdudu gani atapona hapa?" husema. Hakuna anayewapenda watoto wale kama yeye.

Nisamehe kwa kukuandikia mambo haya katika hali yako. Sina mwingine wa kumuuliza aliye muuguzi na asiye wa hapa.

Mdogo wako,
Eliseo


Manila
14 Juni 1992

Eli,

Sungura! Nimecheka mpaka mtoto akanipiga teke. Hongera kwa kazi, na mwambie Mama aache kufagia ghala bila kujifunga kitambaa puani.

Sasa nisikilize kama muuguzi, si kama dada. Watoto wachanga hufa, na hapo kwetu wakati huu wa mwaka hufa wengi. Dokta Belleza si mjinga. Lakini njaa haimpi mtoto kitovu chekundu. Kitovu chekundu ni uchafu uliobebwa kutoka mahali ukawekwa pale. Kwa hiyo niangalizie. Je, wanalaza watoto wawili kitanda kimoja? Kitambaa kilichomfuta huyu kinamfuta na yule? Anayeugua wanamtenga? Sinki ina maji na sabuni? Mikono huoshwa kabla ya kila mtoto na baada ya kila mtoto, si mara moja asubuhi kama mtu anayekwenda misa. Hilo nilifundishwa na Ninang kabla sijaona mlango wa chuo cha uuguzi. Alikuwa akinisimamisha kwenye beseni lake na kunisugua mpaka viwiko.

Na jambo lingine, kwa kuwa sasa wewe ndiye wa mlangoni. Mama aliyefiwa usimpe karatasi akiwa amesimama. Mpe kiti kwanza. Mtaje mtoto kwa jina lake, hata kama aliishi siku mbili. Usiseme "mwili". Huo nao ni uuguzi, na hauhitaji cheti.

Habari yangu ni hii. Shemeji yako Rogelio yuko kazini melini mpaka Desemba, na sitaki kuzalia hapa ambapo wataniita Kitanda Namba Kumi. Nitakuja Agosti, kabla makampuni ya meli hayajanikataa kwa ajili ya tumbo, nizalie kwa Ninang. Alinipokea mimi, basi ampokee na wangu.

Dada yako,
Florita


Santa Calixta
25 Juni 1992

Manang,

Nimeangalia kama ulivyosema, nikijifanya natafuta karatasi. Kila mtoto ana kitanda chake. Vitambaa havichanganywi. Anayeugua huwekwa peke yake dirishani. Bomba lina maji. Sabuni ipo, na ndiyo ninayotaka kukueleza habari zake, ingawa sijui kama ni jambo au si jambo. Haiishi. Imekauka na kupasuka kama tope la shambani.

Jana walipomaliza kupiga pasi, nyuso zote zikiwa jasho tupu, mtoto mmoja akajisaidia. Delfa alimfuta, akaelekea kwenye sinki. Ninang akamwahi akampiga kofi mkononi.

"We! Si umetoka kwenye pasi sasa hivi?"

"Nachovya tu, Manang, nimeshika ma..."

"Nachovya tu! Ndivyo alivyosema dada yangu Salud, na leo anakunywa kahawa kwa mrija. Unataka pasma? Unataka mishipa ikutoke kama minyoo? Nani atamtafutia mtoto mshipa wa dripu kwa mikono inayotetemeka? Jifute. Maji utayagusa kesho, mikono ikipoa."

"Na spiriti?"

"Spiriti si baridi? Jifute, nimesema."

Delfa akajifuta kwa kitambaa kikavu, akaenda kumfunga kitovu mtoto wa kitanda kinachofuata.

Mimi niliendelea kutaipu. Sikuona ajabu. Nani kwetu hajui kwamba mikono yenye moto ikiguswa na maji hupata pasma? Mama mwenyewe hajawahi kutuacha tuguse maji tukitoka kwenye pasi. Ila baadaye, nikiwa nakula, nilijiuliza: hawa wanapiga pasi kila siku. Basi wananawa lini?

Sikumuuliza mtu. Mimi ni karani mgeni, na yeye amewapokea watoto wa mji huu tangu kabla sijazaliwa.

Jumapili amekufa mwingine. Mama yake anaitwa Anselma, mke wa mkata miwa. Nilimpa kiti, nikamtaja mtoto kwa jina. Akaniuliza, "Ni kwa sababu nilikula vibaya, eti? Daktari anasema ni njaa yangu." Nikasema pole.

Zalia Manila, Manang. Huku kuna joto, vitanda vimejaa, na mwezi wa Agosti bahari ni mbaya.

Eliseo


Manila
4 Julai 1992

Eli,

Bahari mbaya! Wewe ambaye hujawahi kuvuka hata mto bila kushika mkono wa mtu, leo unanifundisha bahari? Sema tu unaogopa nitakunyang'anya chumba.

Na hiyo pasma, ulitaka wafanyeje? Mtu atoke kwenye pasi atie mikono kwenye maji baridi? Hata hapa, sisi wa mikoani tukitoka kukunja mashuka yenye moto hatugusi bomba. Mama angetuchapa. Ninang anajua anachofanya. Tafuta kwingine. Angalia chupa za maziwa, angalia mikasi inayokatia vitovu, uliza kama inachemshwa.

Nakuja Agosti, upende usipende.

Florita


Manila
7 Julai 1992

Eli,

Barua yangu ya juzi ikifika, ichome.

Leo nilitoka kukunja mashuka, nikaitwa kumbadilishia bandeji mzee mwenye kidonda cha mgongoni. Nilifika kwenye sinki, mkono wangu ukasimama juu ya bomba. Ukakataa kufungua. Hakukuwa na mtu wa kunizuia, ni mkono wenyewe. Nikabaki pale nimeduwaa, na swali lako likanijia: wanapiga pasi kila siku, basi wananawa lini?

Uliniandikia swali hilo kwa maneno mepesi kabisa, na mimi mwenye kofia ya uuguzi nikacheka.

Ni mikono, Eli. Mashine iliharibika Aprili. Pasi zikaanza Aprili. Watoto wakaanza kufa baada ya hapo. Nepi zinatoka safi kuliko nguo za mkurugenzi, na mikono inayozibeba imetoka kwenye kitovu cha mtoto mwingine. Kadiri Ninang anavyoogopa uchafu ndivyo anavyopiga pasi, na kadiri anavyopiga pasi ndivyo asivyonawa.

Mimi leo nilinawa. Nimeketi naitazama mikono, nangoja mishipa initoke. Bado.

Mwambie Ninang. Mwambie kwa mdomo, mkiwa wawili, kwa heshima. Usimwambie "umeua". Mwambie kazi ya pasi wapewe wafua nguo wasiogusa watoto, na anayegusa mtoto anawe, mikono iwe ya moto au ya baridi. Ni hayo tu. Mwambie leo.

Florita


Santa Calixta
16 Julai 1992

Manang,

Nimefanya, ingawa si kwa mdomo.

Nilikwenda mpaka mlangoni kwake mara nyingi. Mara moja niliingia. Alikuwa anakula, akanikatia nusu ya samaki wake mkavu, akaniuliza kikohozi cha Mama kikoje. Nikala, nikashukuru, nikatoka.

Basi nikataipu tangazo: "Wahudumu wote wanakumbushwa kunawa mikono kwa maji na sabuni kabla na baada ya kumgusa kila mtoto. Kwa amri." Sikuandika ni amri ya nani. Nikalibandika juu ya sinki kabla watu hawajafika.

Ninang akalisoma kwa sauti mbele ya wote.

"Safi kabisa," akasema. "Si ndiyo ninayosema miaka yote? Delfa, umelisoma?"

"Nimelisoma, Manang."

"Na akina mama nao wanawe wakija kunyonyesha. Karani, wape sabuni."

Tangu siku hiyo akina mama wananawa, na sabuni imeanza kuisha. Nilifurahi sana. Baada ya pasi wauguzi bado hawanawi, lakini sidhani kama ni ukaidi. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba tangazo linahusu mikono iliyotoka kwenye pasi, kama vile ukisoma "funga mlango" hufikirii kwamba unaambiwa ujifungie nje.

Watoto wawili wana homa, ila mmoja alikuwa nayo kabla ya tangazo.

Eliseo


Manila
27 Julai 1992

Eli,

Tangazo! Nilikuomba mdomo ukanipa karatasi. Umewaamuru watu kufanya jambo ambalo wanaamini wanalifanya tayari. Na huyo mwenye homa baada ya tangazo anaitwa nani? Mbona hukumtaja?

Nimekasirika, halafu hasira imenirudia mwenyewe. Nimejaribu kumwandikia Ninang mimi mwenyewe. Nimeandika "Ninang mpendwa" na kalamu ikaishia hapo. Nitamwambiaje mtu aliyenifundisha kunawa kwamba hanawi? Kwa hiyo mimi ni mwoga kama wewe, tofauti ni kwamba mimi niko mbali na sisikii watoto wakinyamaza.

Tiketi nimekata. Meli inaondoka Agosti 25. Baada ya hapo hawatanipokea tena, na hapa Manila sina mtu. Mwanangu atalazwa kwenye wadi hiyo, kwenye mojawapo ya vitanda unavyoviandika, na atafungwa kitovu na mikono hiyo. Nimekueleza ili ujue muda uliobaki.

Lakini usingoje wangu. Wapo wengine wanaozaliwa leo.

Florita


Santa Calixta
8 Agosti 1992

Manang,

Aliitwa Kristeta. Alikufa Jumatatu asubuhi, na ndiye aliyepata homa baada ya tangazo langu.

Siku hiyo nilimwambia Ninang. Alikuwa chumba cha nguo anapuliza mkaa. Niliyasema yote kwa mkupuo kama mtu anayetapika: Aprili, mashine, pasi, mikono, vitovu. Aliendelea kupiga pasi.

"Nani kakwambia?"

"Manang Florita."

Pasi ikasimama. "Florita kasema hivyo? Florita wangu?"

"Anasema na yeye alikuwa anafanya vivyo hivyo huko. Anasema haoni kosa lako bila kuliona lake."

Alimalizia ile nepi, kona kwa kona, akaikunja, akaweka pasi juu ya kigae. Akatoka, akapita katikati ya vitanda hadi kwenye sinki, akafungua bomba, akatia mikono. Delfa akapiga kelele, "Manang!" kama mtu anayeona mtoto anaingia barabarani kwenye magari. Ninang akanawa mpaka viwiko, akanawa muda mrefu, wote tukimtazama.

Kisha akaenda kumwekea dripu mtoto wa dirishani. Mikono ikaanza kutetemeka. Alitafuta mshipa akaukosa, akatafuta tena, trei ikawa inagongagonga. Akampa Delfa sindano.

"Umeona?" Delfa akasema, analia. "Umeona sasa, Manang? Kwa nini umefanya hivyo?"

Yeye alikuwa anatazama vitanda kimoja kimoja, midomo ikicheza. Nadhani alikuwa anataja majina. Mimi najua kwa nini ile mikono inatetemeka, Manang, na si kwa sababu ya maji.

Alipopita mezani kwangu na mkoba wake aliinama. "Usiwaambie akina mama. Niahidi." Nikaahidi. Tangu siku hiyo yuko nyumbani.

Sasa sikiliza kilichofuata. Hakuna anayenawa tena. Kabla ya pasi, baada ya pasi, hata wasiopiga pasi. Delfa amelibandua tangazo. Anawaambia wauguzi wapya, "Manang Perpetua alinawa mara moja tu, nendeni mkamtazame." Hata akina mama wameacha, wamesikia. Watoto wawili wana homa.

Nikisema kwa nini anatetemeka, nimevunja ahadi, na waume wa wale wanawake wote wana mapanga ya miwa na hawana kazi. Nikinyamaza, wale wawili watakwenda, na baada yao wengine, na wewe unapanda meli tarehe 25.

Niambie nifanye nini.

Nimeandika sentensi hiyo, halafu nimeitazama. Jibu lako haliwezi kufika kwa wakati. Na najua kwamba jibu lenyewe nalijua.

Eliseo


Santa Calixta
17 Agosti 1992

Mwanangu Florita,

Mwandiko ni wa Eliseo, maneno ni yangu. Mikono yangu haishiki kalamu. Nimemwambia aandike kila ninachosema, hata kinachomhusu yeye, na asikirembe.

Alikuja nyumbani. Sikumfungulia. Akasema akiwa nje, majirani wanasikia, kijana huyu anayeogopa hata kuku: "Ninang, wanasema ni maji. Wameacha kunawa kabisa. Nilikuahidi, na nimekuja kukwambia kwamba kesho asubuhi naivunja ahadi. Afadhali ulisikie kwangu." Nilimtukana. Nilimwita mbwa anayemng'ata aliyemlisha. Ameandika? Ameandika. Vizuri.

Asubuhi nilikwenda mwenyewe. Si ushujaa. Akiogopa hukwama maneno, na sikutaka lisemwe nusunusu.

Niliwaita wauguzi, na akina mama sikuwatoa. Nikanyoosha mikono waione. Nikasema, "Hii si pasma. Maji hayakunifanya hivi. Mikono hii inatetemeka kwa sababu najua sasa ilichowafanyia watoto."

Delfa akasema, "Manang, usiseme hivyo, tafadhali."

"Nyamaza. Na wewe uliwagusa, kwa sababu mimi nilikuzuia. Msalaba huu ni wangu, usijaribu kunisaidia kuubeba."

Nikawataja watoto kwa majina. Nilitaka kuishia katikati, lakini nani angewataja waliobaki?

Anselma alikuwepo, amekuja kumwangalia mdogo wake aliyejifungua. Alisikia jina la mwanawe. Nilidhani atanirukia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo haikuwa njaa yangu?" Nikamjibu haikuwa njaa yako. Akakaa sakafuni akalia kwa sauti ambayo sijaisikia hata kwa wanaozaa. Miaka yangu yote kazi yangu imekuwa kumshika mtu anayelia hivyo. Sikuthubutu kumgusa.

Jioni mumewe alikuja na wenzake, wakasimama mbele ya nyumba yangu. Waliondoka giza lilipoingia. Kesho yake walikuja tena. Huja kila jioni. Mimi huketi ndani na kungoja waamue.

Mkurugenzi amenisimamisha kazi. Barua yake inasema ni kwa sababu ya afya, maana hospitali haitaki sababu nyingine iandikwe. Walimpa Eliseo aitaipu, akakataa, wakampa mwingine. Sijui kama naye atabaki na kazi. Anaogopa, namwona, lakini anaandika.

Wananawa sasa. Delfa hunawa amefumba macho, kama mtu anayemeza kwinini, lakini hunawa. Pasi wamepewa wafua nguo.

Mmoja wa wale wawili alikufa. Mwingine ananyonya.

Kuhusu wewe. Njoo uzalie hapa, wadi ni salama kuliko ilivyokuwa. Ila mimi sitakugusa, wala mtoto sitamgusa. Mtafutie msimamizi mwingine wa ubatizo. Usinibembeleze, mwanangu. Nilikufundisha kunawa nikasahau nilichokufundisha, na hakuna mtu aliyenisahaulisha. Niliona bidii yangu nikadhani inatosha.

Perpetua
(kwa mkono wa Eliseo)


Manila
23 Agosti 1992

Ninang,

Barua hii nampa mtu anayesafiri leo kwa ndege, ikutangulie.

Sitakubembeleza. Wala sitasema nimekusamehe, kwa sababu kusamehe si jambo langu. Ni la Anselma na wenzake, na wana haki ya kukunyima mpaka wazikwe nalo. Mimi nina marehemu wangu. Mzee yule wa kidonda cha mgongoni alikufa Julai. Je, ni mimi? Yeye alikuwa mzee, kidonda kilikuwa kikubwa, na mashuka yalikuwa ya moto siku nyingi kabla ya siku ile niliyonawa. Hakuna atakayenijibu. Wewe angalau unajua majina.

Tutafika Alhamisi asubuhi. Nimempelekea Delfa telegramu, yeye ndiye atakayempokea mtoto. Amekubali, ingawa anasema atatapika kwanza.

Kwako naomba kitu kimoja. Nikishikwa na uchungu, njoo. Usishike chochote, usimguse mtu. Kaa kwenye kiti pale mlangoni na utazame mikono ya kila anayeingia, awe muuguzi, awe Dokta Belleza, awe mkurugenzi. Hakuna mtu Santa Calixta atakayethubutu kupita mbele yako bila kunawa. Hakuna anayejua kama wewe kinachotokea akipita.

Kama wale wanaume bado wanasimama mbele ya nyumba yako jioni, pita katikati yao uje. Waambie unakokwenda. Wakikuzuia nitaelewa.

Na mimi mwenyewe, nikinyoosha mkono kumshika mwanangu kabla sijanawa, nizuie, hata nikikulilia.

Florita